Nerima na Sindano ya Usingizi

Nerima hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akinunua maziwa aliyanusa mbele ya muuzaji, akayaonja kwa ncha ya kidole, kisha akamkazia muuzaji macho mpaka mwenyewe akaanza kujiuliza kama kweli hakutia maji. Kiwandani alikofuma mablanketi, wenzake walimtania kwamba hata saa ya ukutani ikisema ni adhuhuri, Mama Javan atatoka nje kwanza aulize jua. Hakukasirika. Aliwajibu tu, "Mimi nilidanganywa na watu walionipenda. Nyinyi hamnipendi hata kidogo, nitawaaminije?"

Na ilikuwa kweli. Akiwa msichana mdogo kwao Bungoma, alishikwa na kikohozi kisichokoma. Asubuhi moja shangazi yake alimwambia, "Twende sokoni nikakununulie gauni." Nerima akaogeshwa, akapakwa mafuta, akashika njia akirukaruka. Hawakufika sokoni. Waliingia katika boma la mzee aliyekuwa akikata watu vimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Shangazi akamkumbatia kwa nyuma, mtu mwingine akampanua taya, na chuma kikaingia kooni. Kikohozi kilikwisha. Gauni halikununuliwa. Baadaye sauti yake ilipokuja kutoka juu, nyembamba na safi kama filimbi, wazee walisema ni kile kisu kilichoifungua. Yeye alitoka na funzo moja tu: mtu akikutabasamia huku amekushika mkono, muulize kwanza mnakwenda wapi.

Sauti hiyo ndiyo iliyomjulisha kwa watu wa Umoja. Mtaa ulikuwa bado mpya, kila mwenye nyumba akiongeza chumba huku na huku, na mchanga na kokoto vimerundikwa milangoni. Nerima na mumewe Patrobas, fundi katika karakana ya reli, walipanga vyumba viwili vya nyuma. Jumapili, kanisani, Nerima ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Kila Pasaka kwaya za mitaa jirani zilipokutana kushindana, ubeti wa kuimbwa na mtu mmoja ulikuwa wake, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Aliyesimama kando yake kwenye kwaya ni Teresiah, mwuguzi wa hospitali kubwa ya mjini, mwanamke mrefu kutoka Murang'a, viatu vyake vyeupe wakati wote kana kwamba Umoja haina matope. Yeye naye alikuwa na sauti. Waliheshimiana, lakini ile heshima ya majirani wawili waliotenganishwa na ua wa miiba.

Miezi miwili kabla ya Pasaka ya mwaka wa 1981, shavu la kulia la Nerima likaanza kuvimba. Mwanzoni alidhani ni jino la kawaida. Akatafuna karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa. Uvimbe ukapungua, kisha ukarudi ukiwa mgumu, na asubuhi akiamka ulimi wake ulionja kitu kichungu kama usaha. Hakumwambia mtu. Akiimba kanisani, aligeuzia shavu hilo upande wa ukuta.

Teresiah akaliona. Baada ya ibada alimfuata nje, akamshika kidevu bila kuomba ruhusa, akamgeuza kwenye mwanga.

"Bwana asifiwe, Mama Javan. Hili limekaa muda gani?"

"Ni jino tu."

"Si jino tu. Kesho usiende kazini. Uje kwangu hospitali, nitakupitisha kwa daktari wa meno bila foleni."

Bila foleni! Nerima alirudi nyumbani akiyatafuna maneno hayo. Katika mji huu ambao hata kuingia chooni mtu anapanga foleni, kwa nini Teresiah ampitishe mlango wa mbele? Alimwuliza Patrobas. Patrobas, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, akasema, "Labda anakuhurumia."

"Mtu wa sauti ya kwanza hamhurumii mtu wa sauti ya kwanza," akajibu Nerima.

Hata hivyo maumivu hayajui siasa za kwaya. Usiku huo yalimkesheza, na asubuhi akaenda.

Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye haraka. Alimpiga picha ya taya, akaibandika kwenye kioo chenye taa, akamwonyesha. Lile gego la mwisho halikuwa limeota kama mengine; lilikuwa limelala ubavu ndani ya mfupa, na kuzunguka lile gego kulikuwa na kivuli cheusi cha mviringo. "Hiki ni kifuko cha maji," akasema. "Kinakula mfupa. Ukikiacha, siku moja utatafuna mahindi ya muthokoi na taya litavunjika. Lazima tukate, na si kwa ganzi ya hapa. Utalazwa usingizi."

"Nikilala, nani atakuwa akiniangalia?"

Daktari akacheka, akiamini ni mzaha, akaita mgonjwa mwingine.

Ni Teresiah aliyempa masharti, wakiwa wamesimama kwenye ukumbi. Vitanda vya wodi vimejaa, kwa hiyo Nerima atalala nyumbani na kuja alfajiri ya siku ya kupasuliwa. Asile chochote kuanzia usiku, wala asinywe, hata maji. Aje na mtu wa kumrudisha. Avue herini na pete. Afute rangi ya kucha. Asijipake mafuta usoni.

"Rangi ya kucha inahusu nini na jino?" Nerima akauliza.

"Mama Javan, fuata tu."

"Na pete ya ndoa?"

"Fuata tu, tafadhali, nina wagonjwa."

Kama Teresiah angesema neno lingine lolote, huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini "fuata tu" ndilo neno alilosema shangazi njiani siku ile ya gauni. Nerima akasimama palepale. Akauliza swali la mwisho: akiwa amelala na mdomo umejaa damu, atapumuaje?

"Watakupitishia mpira puani, ushuke mpaka kooni," Teresiah akasema, akitazama saa yake. "Sauti inaweza kukwama kwa siku chache. Ni kawaida."

Kooni. Sauti. Wiki chache kabla ya Pasaka.

Jumamosi ya wiki hiyo, Nerima alipita kanisani kuchukua kitabu chake cha nyimbo. Kabla hajafika mlangoni alisikia mtu akiimba ndani, peke yake. Akasogea dirishani. Teresiah alikuwa amesimama mahali pa Nerima, mikono imefumbatwa, akiuimba ubeti wa Pasaka toka mwanzo hadi mwisho. Hakuwa akiunong'ona kama mtu anayejikumbusha. Aliuimba kwa sauti yote, akarudia pale penye kupanda, akarudia tena. Nerima akaondoka bila kitabu.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake: haraka, mlango bila foleni, mpira wa kooni. Alimweleza jirani yake Nabwire, mama wa Busia aliyeuza mboga kwenye kona na ambaye kila ugonjwa duniani ulikuwa umempata mtu wa kwao.

"Wee! Na wamekwambia ukae njaa?" Nabwire akashangaa, akaweka chini kisu cha sukuma wiki. "Hapo ndipo wanamalizia watu. Mtu akilazwa usingizi na njaa, nguvu ya kuamka ataitoa wapi? Shemeji ya dada yangu aliingia hivyo hivyo, tumbo tupu. Mpaka leo hajaamka."

"Alikufa?"

"Sasa mtu ambaye hajaamka utamwita nani?"

Nerima alijua Nabwire hupenda kutia chumvi. Lakini alipopima maneno yake na ya Teresiah, aliona kwamba Nabwire hakuwa na chochote cha kupata. Nabwire hata kuimba hakujua.

Alfajiri ya siku yenyewe, Patrobas alipokuwa akioga, Nerima alipasha moto uji wa wimbi uliobaki jioni, akajaza kikombe kikubwa cha bati, akaunywa wote amesimama. Akasuuza kikombe, akakirudisha msumarini, akapangusa mdomo. Kucha alikuwa amezifuta. Pete aliivua, lakini hakuiacha nyumbani wala hakumpa mumewe. Aliifunga kwenye ncha ya leso na kuificha kifuani.

Hospitalini alivishwa gauni la kijani lililofungwa kwa nyuma, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji. Patrobas aliambiwa angoje kwenye benchi. Teresiah alikuja na kofia yake nyeupe, akamwuliza kama amelala vizuri. Nerima akasema ndiyo, akiwa hakulala hata kidogo.

Kisha akaja mtu ambaye hakuwa amemwona hapo awali: mwanamume wa makamo, mfupi, shati lake limepauka kwenye kola. Alijitaja kwa jina, Daktari Nzuki. "Mimi ndiye nitakayekulaza," akasema, "na mimi ndiye nitakayekuamsha. Wengine watashughulika na jino, mimi nitashughulika na wewe. Mama, umekula nini tangu jana usiku?"

"Sijakula."

"Hata chai? Hata maji?"

"Hata maji."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono kutafuta mshipa. Nerima akazungusha macho. Akauona uso wa Teresiah mlangoni, akaona kabati la sindano, akaona mlango wa pili ukifunguliwa na taa kubwa ndani. Akauliza, kwa ukali ambao yeye mwenyewe hakuutarajia, "Kwa nini mnataka mtu awe na njaa?"

Alitarajia kuambiwa fuata tu. Daktari Nzuki aliuachilia mkono wake, akavuta stuli, akaketi.

"Hujaelezwa?"

"Sijaelezwa kitu."

"Basi ngoja nikueleze. Ukiwa macho, kooni pako pana mlinzi. Ukimeza, anafunga njia ya pumzi ili chakula kishuke tumboni. Ukilala usingizi wa kawaida, mlinzi huyo husinzia tu, ukipaliwa utakohoa. Lakini usingizi wangu humlaza na yeye. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda, na kikipanda hakuna wa kukizuia kisiingie mapafuni. Mtu anaweza kuzama, mama, katika chumba kikavu kama hiki. Akazama kwa chai. Akazama kwa uji."

Uji! Nerima akashtuka. Nani alimwambia? Patrobas alikuwa bafuni. Nabwire? Nabwire hajui hata hospitali hii iko wapi. Akamchunguza daktari usoni, akitafuta ile dalili ya mtu anayejua kitu na kukificha. Hakuiona. Daktari alikuwa ametaja uji kama mtu yeyote angetaja uji. Alikuwa akingoja, mikono juu ya magoti, bila kutazama saa.

"Na rangi ya kucha?" Nerima akauliza.

"Nitakuwa nikizitazama kucha zako. Zikigeuka buluu, nitajua huna hewa ya kutosha. Zikiwa nyekundu kwa rangi ya duka, nitajuaje?"

"Pete?"

"Mkono huvimba. Nisingependa kuikata."

Maswali yalikuwa yamekwisha. Nerima akayafumba macho. "Nimekunywa uji," akasema. "Kikombe kizima. Leo asubuhi."

Yule daktari kijana wa meno, ambaye alikuwa tayari amevaa glavu, akatoa kelele: siku imeharibika, wagonjwa wengine wangechukua nafasi, mbona watu hawasikii! Daktari Nzuki akamkatiza. "Amesema. Wengine hawasemi, tunakuja kujua wakati hakuna la kufanya. Mpe nafasi wiki ijayo."

Nerima alivaa nguo zake nyuma ya pazia. Alipotoka, Teresiah alikuwa akimngoja.

"Unataka kuniua wewe?" Teresiah akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyekuleta. Ungefia mikononi mwangu, pale Umoja ningepita wapi?"

"Ungepita mbele ya kwaya," Nerima akamjibu. "Si ndipo unapotaka? Nilikusikia Jumamosi. Nilikuwa dirishani."

Patrobas, aliyekuwa ameinuka kwenye benchi, akaketi tena.

Teresiah hakukana. Alitazama pembeni, kisha akamtazama Nerima moja kwa moja. "Ndiyo," akasema. "Nautaka ubeti ule. Nimeutaka tangu siku niliyojiunga na kwaya. Kila Pasaka nasimama kando yako nikiomba upatwe na mafua. Umefurahi kusikia? Lakini sitaki kuupata kwa matanga. Nataka niuimbe wewe umeketi pale mbele, mzima, unisikie mpaka uone wivu. Nikiuimba na wewe umekufa, watu watalia, watasema hakuna kama Nerima. Nitakuwa nimepata nini?"

Nerima akatafuta uongo katika maneno hayo, kama alivyoutafuta katika maziwa. Hakuupata. Jambo la ajabu ni kwamba hasira ilimtoka. Ule wema wa mlango bila foleni ulikuwa umemtisha kwa wiki nzima kwa sababu hakuona mizizi yake. Sasa ameiona. Hii tamaa aliifahamu. Na yeye angekuwa nayo.

"Kwa nini hukuniambia hayo kuhusu chakula?" akauliza.

"Kwa sababu hapa ukianza kumweleza mmoja, arobaini wanangoja," Teresiah akasema. Kisha akaongeza, "Nilikosea. Ningekueleza."

Wiki iliyofuata Nerima hakumwuliza Nabwire kitu. Lakini Nabwire alikuja mwenyewe jioni ya kuamkia siku ile na chupa ya uji, "wa kukuamsha," akasema. Nerima akamshukuru, akaipokea, na mlango ulipofungwa akampa Patrobas. Usiku kiu ilimbana. Kila alipogeuka kitandani alijiuliza kama Daktari Nzuki hakuwa mwerevu kuliko wote, mtu wa kukueleza mambo matamu mpaka unyooshe mkono mwenyewe. Hata hivyo hakunywa.

Safari hii walimwingiza mpaka ndani. Chumba kilikuwa baridi, kinanuka dawa ya kuoshea sakafu, na watu wote walikuwa wamefunika nyuso, wamebaki macho. Nerima akainua kichwa.

"Vueni vitambaa."

"Mama?" daktari wa meno akauliza.

"Niwaone nyuso kwanza. Sitalala mbele ya watu nisiowajua."

Wakatazamana. Daktari Nzuki ndiye aliyeanza, akashusha kitambaa chake mpaka kidevuni, akasema, "Nzuki." Daktari kijana akafuata, amekasirika nusu na kucheka nusu. Wauguzi wawili wakashusha, wakataja majina. Teresiah, aliyekuwa ameomba zamu ya chumba hicho siku hiyo, akashusha cha kwake mwisho.

"Huyu asimame hapa kichwani," Nerima akasema. "Huyu najua anachotaka."

Hata daktari wa meno, kabla ya kufunika uso tena, alimweleza kile ambacho mara ya kwanza hakujisumbua kukieleza: kwamba chini ya lile gego unapita mshipa wa fahamu wa mdomo, na kwamba wakikitoa kifuko mdomo unaweza kufa ganzi kwa miezi, pengine zaidi. Nerima akamwuliza Nzuki kuhusu sauti. Nzuki hakuapa. Alisema atatumia mpira mwembamba kadiri awezavyo na mkono mwepesi, na kwamba wengi hupona, si wote.

Sindano ikachoma mgongo wa kiganja. Baridi ikapanda mkononi, na ghafla mdomo ukajaa ladha kali ya ile dawa.

"Mbona mmenipa kitunguu?" Nerima akasema kwa hasira, na hakusikia jibu.

Alizinduka akiwa amelala ubavu, shavu kama limefungwa jiwe, Patrobas ameketi kando. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa kifua akitafuta leso yenye pete, akakumbuka kwamba safari hii alimpa mumewe. Patrobas akamwonyesha pete kwenye kidole chake kidogo. Nerima alijaribu kumwita. Ilitoka sauti kama ya mlango mkavu. Akaanza kulia, na Teresiah, aliyekuwa akipima mapigo ya moyo wake, akamwambia, "Nyamaza, usiitumie. Iache irudi."

Sauti ilirudi kabla ya mwezi kwisha, nzima, hata ile ncha ya juu. Mdomo ndio haukurudi. Nusu ya mdomo wa chini, upande wa kulia, ilikuwa kama ya mtu mwingine. Neno lenye "b" au "m" lilitoka limevimba, na chai ilimtiririka kidevuni bila yeye kujua. Mezani Patrobas akawa na ishara yake: anagusa kidevu chake mwenyewe, naye anajipangusa. Nje ya nyumba hapakuwa na ishara. Nerima akaanza kumshuku kila anayecheka sokoni, kila wasichana wawili wanaonong'ona kiwandani, akijipangusa kidevu kikavu mpaka kikachubuka.

Pasaka ilipofika, ubeti uliimbwa na Teresiah. Nerima aliketi benchi la mbele. Alisikiliza kwa masikio ya mwindaji, akimngoja pale penye kupanda. Pale Teresiah alichukua pumzi mapema mno. Ni Nerima peke yake aliyeisikia. Mengine yote yalikuwa mazuri, na yalimwuma kama alivyoahidiwa. Kwaya ya Umoja ikashika nafasi ya pili.

Mvua za masika zikapita, baridi ya Julai ikaingia. Asubuhi moja ya Agosti Nerima alikuwa kwenye bomba la uani akiosha uso. Maji yalikuwa baridi kama chuma. Akasimama. Kisha akateka tena kwa kiganja, akajimwagia mdomoni, polepole. Upande wa kulia uliwasha, kama unachezewa na sisimizi.

Hakuamini. Akaingia ndani, akamwamsha Patrobas, akafumba macho. "Niguse mdomo. Usiniambie ni wapi."

Patrobas, usingizi haujamtoka, akamgusa.

"Kulia," Nerima akasema.

"Kweli."

"Unanidanganya ili nifurahi. Niguse tena. Na mara nyingine usiniguse kabisa, nione."

Patrobas akagusa, akaacha, akagusa, na kila mara Nerima alipatia. Mwishowe alifumbua macho, akamkuta mumewe anacheka bila sauti, kidole bado kiko hewani. Nerima naye akacheka, upande mmoja ukitangulia na wa pili ukifuata kwa mbali kidogo.

"Usimwambie Teresiah," akasema akivaa kitambaa chake cha kazini. "Acha kwanza nijaribu 'b' na 'm' nikiwa peke yangu."